Kisetla cha Ufukweni

Masika iliyopita gari la wasafiri wawili lilipata pancha hapa Chalinze, hatua chache kutoka njia panda, pale barabara ya Morogoro inapoachana na ile iendayo Segera hadi Tanga na Moshi. Walikuwa mume na mke, watu wazima sana, Waitaliano. Fundi akaitwa. Wauza korosho na mayai ya kuchemsha, ambao kwa kawaida hukimbilia madirisha ya mabasi, siku ile waliyaacha mabasi yapite, kwa kuwa mpwa wangu alikuwa amefika na alikuwa akizungumza na wageni kwa lugha yao. Mpwa huyu aliishi miaka sita Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, akibeba mizigo hotelini na kuwatembeza watalii. Kiitaliano chake ni fahari ya ukoo. Alikimwaga, na yule mzee akampigia makofi: bravo, bravo! Watu wakashangilia. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kisha yule bibi, aliyekuwa ameketi kivulini na kitabu mapajani, akamuuliza kwa upole swali fupi: Lei di dov'è? Mpwa wangu akageuka nyuma. Akatazama huku na huku, akamwona mama muuza machungwa, akamwonyesha kwa kidole na kujibu kwamba huyo ni mtu wa Lugoba.

Bibi hakuwa amemuuliza habari za mama wa machungwa. Alikuwa amemuuliza yeye anatoka wapi. Neno lei katika Kiitaliano lina kazi mbili: ni "yeye" wa kike, na pia ni "wewe" wa heshima, ambaye kitenzi chake hunyambuliwa kana kwamba anayesemeshwa ni mtu wa tatu. Mtu usiyemzoea, mtu unayemstahi, huambiwa Lei. Tu ni ya rafiki, ya mtoto, ya Mungu katika sala. Na katika fukwe zetu ni ya kila kijana abebaye begi. Kwa miaka sita mpwa wangu alikuwa tu. Siku ya kwanza mtu alipompa heshima katika lugha ile, alidhani anapewa mwingine.

Nimelifikiria jambo hili tangu siku hiyo, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo linavyoniudhi. Sina ugomvi na yule bibi, wala na kijana. Ugomvi wangu ni na wale wanaotwambia, katika semina na katika redio, kwamba lugha ya kigeni ni "fursa", na kwamba kijana wa pwani anahitaji "Kiitaliano cha kazi" tu. Wakisikia kwamba huko kwingine watu hujifunza Kiitaliano kwa kusoma riwaya, kutazama filamu na kuzungumza juu ya mvinyo, hucheka. Hiyo, husema, ni anasa ya wenye shibe. Sisi tufundishwe namna ya kuuza.

Msomaji wa ukurasa huu anakumbuka Kisetla. Kilikuwa Kiswahili cha walowezi wa Kenya, lugha iliyonyolewa viambishi na upatanisho ikabaki na amri: lete chai, wewe kwenda, maji moto iko? Mlowezi aliweza kuishi miaka 30 Nakuru akiwa na maneno mia tatu ya namna hiyo, na hakuona upungufu, kwa sababu hakuwa na haja ya kumwambia mpishi wake jambo lolote ambalo maneno hayo hayakulitosha. Wataalamu wetu wamekicheka Kisetla, na kwa haki. Lakini wameshindwa kumtambua ndugu yake pacha anayezaliwa mbele ya macho yao. Kiitaliano cha Kiwengwa, cha Malindi na cha Watamu ni Kisetla kilichogeuzwa upande: safari hii ni mtumishi anayepewa lugha iliyonyolewa. Vitenzi vyake vimebaki katika umbo la kutonyambulika, lile linaloishia -are, -ere au -ire, ambalo kwetu ni sawa na kitenzi chenye ku- ya mwanzoni. Tu comprare, io portare: wewe kununua, mimi kuleta. Hakina wakati ujao, hakina masharti, hakina "laiti". Mtalii naye, akidhani ndivyo atakavyoeleweka, humjibu kijana vivyo hivyo. Basi kijana anafundishwa makosa yake na mwenye lugha.

Gharama yake si ya kinadharia. Mwaka wake wa sita kule, nafasi ya mapokezi ilitokea katika hoteli aliyokuwa akiitumikia, ambayo sitaitaja. Akaomba. Akapewa barua ya mgeni aliyelalamikia chumba chake, aisome na kuijibu. Alishindwa mstari wa kwanza. Alikuwa amekula cena na watu wa kule usiku mwingi, lakini hakujua kwamba neno analolitamka "chena" huandikwa kwa c tupu, wala kwamba ch ya Kiitaliano husomwa kama k yetu. Ni kanuni ya alasiri moja darasani. Hakuna aliyempa alasiri hiyo. Nafasi ikaenda kwa mtu mwingine, naye akarudi Chalinze. Hiyo ndiyo "fursa" iliyohubiriwa: lugha iliyompeleka mpaka mlangoni na mzigo kichwani, ikamwacha hapo.

(Kwa wasioijua pwani yetu: kuna Kiwangwa na kuna Kiwengwa. Kiwangwa iko huku kwetu upande wa Bagamoyo, na inajulikana kwa mananasi. Kiwengwa iko Unguja, na inajulikana kwa Waitaliano. Irabu moja tu.)

Sasa niseme kwa nini fasihi, na kwa nini hasa sisi watu wa mashairi tulipaswa kuwa wa kwanza kuudai mlango huo.

Tunaijua Italia kwa kupitia kwa Mwingereza. Mwalimu Nyerere alipofasiri Shakespeare alitupa Julius Caesar na Mabepari wa Venisi, na michezo yote miwili mandhari yake ni Italia: Roma katika mmoja, Venisi katika mwingine. Kazi ile ni kubwa na sitaki kuipunguza hata chembe. Lakini vizazi vyetu vimetembea katika mitaa ya Venisi bila kusikia neno la Kivenisi, vikiongozwa na mtu wa Stratford. Tumeridhika hapo tangu 1969. Hali kadhalika Dante: akitajwa katika mihadhara yetu hutajwa kwa Kiingereza, kana kwamba aliandika Oxford.

Hasara ya mzunguko huo ni kubwa kuliko tunavyodhani, na ni hasara ya kiufundi. Mshororo wa Dante una silabi 11, na mkazo wake wa mwisho huangukia silabi ya 10. Mwingereza akijaribu kuufuata hutaabika, kwa sababu maneno yake mengi hukatika kwa konsonanti na mkazo wake hurukaruka. Lakini Kiswahili mkazo wake uko wapi? Katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tunga mshororo wa mizani 11 kwa Kiswahili chochote, cha Lamu au cha Kwera, na mkazo utakaa kwenye ya 10 bila wewe kuuambia. Tena maneno ya Kiitaliano, karibu yote, huishia kwa irabu kama yetu, na vina humiminika. Mpangilio wake wa vina katika beti za mishororo mitatu ni huu: kina cha mshororo wa kati wa ubeti mmoja hugeuka kuwa kina cha nje cha ubeti unaofuata, hivyo hakuna ubeti unaoweza kung'olewa bila kuacha pengo. Sisi tuna shairi la mkufu, ambalo maneno ya mwisho ya ubeti huanzisha ubeti unaofuata. Si kitu kimoja, ila mtu aliyelelewa na mkufu hahitaji kufafanuliwa mara mbili Dante anafanya nini. Na mwenye kuijua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mizani 10 kwa mshororo, magofu ya Pate na tabaka za moto, hatakuwa mgeni katika Jehanamu ya yule mtu wa Firenze aliyefukuzwa mjini kwao mwaka 1302 na asirudi tena. Kumfasiri Dante kutoka Kiingereza ni kuagiza nazi Ulaya na mnazi uko uani.

Kuna jambo la pili, na hili linanichoma zaidi. Kiitaliano kinatuonyesha ugomvi wetu wenyewe ukiwa umechezwa kwa mwisho tofauti. Italia ilipoungana mwaka 1861, waliokuwa wakikizungumza Kiitaliano walikuwa wachache mno: mwanaisimu Tullio De Mauro aliwakadiria kuwa asilimia 2.5, wengine wakapandisha hadi karibu 10. Waliobaki walisema lahaja zao. Kwa nini basi lahaja ya Firenze ndiyo iliyokuwa lugha ya taifa? Firenze haikuwa na jeshi la kuwashinda wengine. Ilikuwa na Dante, Petrarca na Boccaccio. Hata karne tano baadaye, Alessandro Manzoni, mtu wa Milano, alipokwisha kuchapa riwaya yake I promessi sposi mwaka 1827, alikwenda Firenze akasikiliza watu wanavyosema, kisha akaiandika upya lugha yake na kuitoa tena kati ya 1840 na 1842. Mwenyewe alisema alikwenda kusuuza nguo zake katika maji ya mto Arno.

Sisi je? Mwaka 1928 mkutano ulikaa Mombasa, katika mji wa Muyaka bin Haji, ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu. Kimvita na Kiamu, zilizobeba tenzi za karne mbili, zikawekwa kando. Waliokata shauri walikuwa hasa maofisa wa elimu na wamisionari wa dola ya Kiingereza. Siwaombi wasomaji tuurudie ule mkutano. Kiunguja kimekwisha kuwa chetu, nami ndicho ninachoandikia. Lakini kijana anayejifunza Kiitaliano kwa vitabu atakuta kwamba kulikuwa na njia nyingine ya kuchagua lugha, ambayo washairi walihesabiwa ndani yake. Kijana anayejifunza Kiitaliano kwa kuuza vinyago hataambiwa hilo na mtu yeyote.

Wako watakaonijibu kwa upande mwingine: kwamba nimewasahau Waitaliano wenyewe. Kwamba walimwaga gesi ya sumu Uhabeshi, kwamba walitawala Eritrea, Libya na Somalia. Sikuwasahau. Tena hoja hiyo ni yetu kuliko wanavyodhani wanaoitoa, kwa sababu Italia ilipata kutawala hata Waswahili. Mwaka 1892 ilikodi bandari za Benadir kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1905 ikazinunua kabisa. Mojawapo ilikuwa Barawa, mji wa Chimwini, lahaja ya kaskazini kabisa ya Kiswahili, mji aliotungia Dada Masiti tenzi zake za dini. Basi kuna Waswahili waliokijua Kiitaliano kama sisi tulivyokijua Kijerumani, kwa kiboko. Natoka hapo na hitimisho lililo kinyume cha wapinzani wangu. Nyaraka za utawala wa Kiitaliano juu ya Barawa katika miaka ile ziko katika Kiitaliano. Nani atazisoma? Mwenye Kisetla cha ufukweni hawezi. Atazisoma Mtaliano, nasi tutasubiri atufasirie kwa Kiingereza.

Filamu nitaisema kwa ufupi, ingawa kwa vijana ndiyo mlango mpana zaidi. Kamera ya Kiitaliano ilikwisha kufika kwetu zamani. Mwaka 1966 Jacopetti na Prosperi walitoa Africa addio, ambamo ndege inapita juu ya Unguja ya Januari 1964 na kupiga picha maiti kutoka angani, bila jina, bila mtu mmoja aliyeulizwa neno. Miaka michache baadaye Pasolini alikuja na lengo jingine, akapiga picha Kigoma na Dar es Salaam akitafuta sura za kuchezea tamthilia ya Kiyunani. Kisha akawaonyesha wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Roma, nao wakambishia mbele ya kamera, na mabishano yale akayaacha ndani ya filamu. Walimbishia kwa lugha yake. Walikuwa na Kiitaliano cha kubishia, na tofauti baina ya filamu hizo mbili, kwa maoni yangu, iko hapo.

Niliwahi kuwaonyesha vijana wa bodaboda wa hapa njia panda filamu ya De Sica ya 1948, Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli. Mtu amepata kazi ya kubandika matangazo kwa sharti awe na baiskeli. Mkewe anaweka rehani mashuka ya kitanda ili waikomboe. Siku ya kwanza ya kazi inaibwa. Hakuna aliyecheka tena baada ya mashuka. Anayeendesha pikipiki ya mkataba, anayehesabu hesabu ya tajiri kila jioni, haelezwi habari ile. Mwigizaji mkuu alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, si msanii, nao walikataa kuamini mpaka niliporudia. Baadaye mmoja akaniuliza baba yule alimwambia nini mwanawe pale karibu na mwisho, maana maandishi ya Kiingereza yalipita haraka. Hilo ndilo swali ninalolitaka kwa kijana anayejifunza lugha. Halina faida sokoni hata senti.

Na mvinyo? Hapa najua nakanyaga zulia la watu. Nusu ya jirani zangu hawanywi, na dini yao inawatosha. Sitamwambia mtu kwamba lugha haisomeki bila chupa. Lakini jambo lenyewe ni kilimo na ni maneno kabla ya kuwa ulevi. Kiswahili kina majina mawili ya kitu hicho, na yote mawili yana hadithi ya bandari: mvinyo tuliupata kwa Mreno, na divai inaunganishwa na Kifaransa, du vin, lugha ya mapadre wa Roho Mtakatifu walioweka misheni yao Bagamoyo mwaka 1868. Mtaliano hakutuachia jina. Hata hivyo zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, zina mkono wa wamisionari wa Kiitaliano, na malori yanayoshusha mvinyo huo Dar es Salaam hupita mbele ya kibaraza changu. Ninachotaka kijana akijue ni kwamba Barolo na Chianti, kabla hayajawa majina ya chupa, ni majina ya mahali. Kwamba Italia ilitunga sheria mwaka 1963 ya kulinda majina hayo, asije mtu wa nchi nyingine kuyabandika kwenye chupa yake. Halafu atazame mananasi ya Kiwangwa yaliyorundikwa kando ya barabara, aulize jina lake limebandikwa wapi. Ili ayasome hayo kwenye asili yake anahitaji Kiitaliano chenye vitenzi vilivyonyambuliwa.

Wakati sisi tunabishana kama kusoma ni anasa, Napoli wanasoma. Chuo Kikuu cha L'Orientale, ambacho chimbuko lake ni chuo alichokianzisha padre Matteo Ripa mwaka 1732, kimefundisha Kiswahili kwa miongo mingi. Elena Bertoncini Zúbková, aliyefundisha pale, alichapisha mwaka 1989 kitabu cha kuieleza fasihi ya Kiswahili, nathari na tamthilia, ambacho wanafunzi wetu wa vyuo vikuu bado wanakirejea. Mashairi ya Kezilahabi wa Ukerewe yanasomeka kwa Kiitaliano, yakiwa yamefasiriwa moja kwa moja kutoka Kiswahili. Hakuna aliyemwambia mwanafunzi wa Napoli ajifunze Kiswahili cha kuuzia pizza. Alipewa Kichomi. Akija Bagamoyo, pale kwenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, anaweza kuzungumza na wenyeji wake juu ya vina na juu ya urari wa mizani, kwa Kiswahili. Nasi tunampokea kwa ciao, bella.

Nadai kwa hiyo jambo dogo. Taasisi ile ya Bagamoyo inafundisha ngoma, muziki, tamthilia na filamu. Ina kila kitu ambacho darasa la Kiitaliano chenye fasihi lingekihitaji, ila darasa lenyewe. Vyama vya washairi navyo, badala ya kuandaa shindano jingine la kuisifu mbio ya mwenge, vitafute watu watatu wa kufundishwa Kiitaliano miaka mitatu, kwa sharti moja: kila mmoja aturudishie kitabu kimoja kwa Kiswahili, kutoka lugha yake ya asili. Naona tayari mtu ananyoosha mkono kuuliza vitabu hivyo vitauzwa wapi.

Mpwa wangu ameanza. Yule bibi wa pancha, kabla ya kuondoka, alimwachia kitabu alichokuwa akisoma, Il fu Mattia Pascal cha Pirandello, cha mwaka 1904, riwaya ya mtu ambaye watu wa kijijini kwao wanadhani amekufa, naye akaona afadhali waendelee kudhani. Hadi sasa tumefika ukurasa wa 40. Mwezi wa kwanza ulikwisha kwa vitenzi tu, maana lugha ya vitabu ina wakati uliopita wa mbali, disse, fece, andò, ambao kule ufukweni hakuusikia hata mara moja, alikuja na karatasi imejaa, akaniambia, "Mjomba, hii ni lugha nyingine." Jina la kitabu ndilo lililotukwamisha wiki hii. Fu ni kitenzi, ni "alikuwa", lakini kikiwekwa mbele ya jina la mtu kina maana kwamba amefariki. Yeye anataka "Marehemu Mattia Pascal". Mimi nampinga: marehemu ni aliyerehemiwa, na mtu huyu hajafa wala hajarehemiwa na yeyote. Nikapendekeza hayati. Akanijibu kwamba hayati asili yake ni uhai, na tena siku hizi ni ya viongozi, na Mattia Pascal alikuwa mtunza maktaba isiyo na wasomaji. Jana usiku, basi la mwisho la Tanga limekwisha kupita, akaja na la tatu: "Aliyekuwa Mattia Pascal". Kinabaki kitenzi, alisema, na anayesoma hajui kama ni mfu au amestaafu. Sijampa jibu.